Lango la Jumba la Jiji

Alhamisi, tarehe tano Machi. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka huku jua likiwaka, na ngazi za jumba jipya la jiji ziling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Ngazi hizo ndizo zilizokuwa fahari ya jumba. Zilikuwa pana kama uwanja, zikipanda kutoka barabarani moja kwa moja hadi ukumbi wa madiwani, bila mlango wa kumzuia mtu. Aliyechora ramani ya jumba alitaka hivyo: mpita njia apande na kapu lake, aketi, asikie mambo yake yanavyoamuliwa. Sasa meya alikuwa ametaka lango la chuma pale juu, na kazi akapewa Cheche, mwanamke fundi wa kuchomelea.

Cheche alipomaliza kutia pini za bawaba, alivua miwani akatoka nje. Ilikuwa desturi ya karakana yao tangu enzi za marehemu baba yake: fundi husimama nje ya lango, hulifunga kwa mkono wake, kisha huwaombea watakaolala ndani.

Akalivuta. Ngaa! Akafumba macho aombe, kisha akayafumbua. Amwombee nani? Humo halali mtu.

Alipogeuka alimwona shangazi yake, muuza mboga, akipanda ameshika magoti, wachuuzi wenzake nyuma. Siku hiyo madiwani walikuwa wanajadili kulihamisha soko lao.

"We Cheche, ndiyo umetufungia nje?"

"Hata mimi niko nje, shangazi."

"Makubwa! Basi tupige hodi kwetu wenyewe!"

Wachuuzi wakacheka, kicheko cha uchungu. Msimamizi wa jengo akaja mbio kwa ndani.

"Fundi, kazi safi! Nipe funguo. Hawa watasikia uamuzi jioni redioni."

"Ee Mola, nipe moyo," Cheche alinong'ona. Akachukua nyundo, akazigonga pini zikachomoka. Wachuuzi wakalidaka lango, wakaliegemeza ukutani.

"Una wazimu?" msimamizi alifoka. "Mji huu hupati kazi tena!"

"Riziki yangu haiko mfukoni mwako, bwana. Shangazi, pita."

Shangazi akapita, kichwa juu. Madiwani walikuwa wamejazana ukingoni mwa ukumbi kuchungulia. Cheche akainua nyundo, akapaza sauti wamsikie wote:

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: mkono huu hautawafungia watu ngazi hizi. Na akija fundi mwingine kuzifunga, nitakuja kuling'oa lango lake, mchana kweupe!"