Wimbo Ambao Homa Volts Hawakuupiga

Jumapili saa nane mchana Onchiri alikuwa anakaza ngozi ya ngoma kubwa kwa spana ya baiskeli, juu ya jukwaa la mbao lililosimamishwa uwanjani Homa Bay, wakati watu saba wa Masara walipofika na kukaa benchi la mbele. Walikuwa wamekufa mwaka wa sabini na nane. Onchiri aliwapungia mkono ulioshika spana, akaendelea kukaza.

Walikuwa wamehudhuria kila shoo ya bendi ya Onchiri, Homa Volts, tangu ile ya kwanza. Hawakucheza, hawakunywa soda, hawakumsumbua mtu. Waliketi na udongo wao mwekundu mabegani wakasubiri wimbo mmoja, na bendi ilipomaliza bila kuupiga waliinuka, wakashika njia ya Migori kurudi chini. Watu walishawazoea. Akina mama waliovaa nguo nyeupe za kanisani walichagua benchi la pili, basi.

Homa Volts walipiga roki wakati jirani zao wote walipiga benga. Suruali zao zilikuwa za bugaluu, gita zao zililia kama bati linalokatwa kwa msumeno, na wazee wengi walitoka nje zilipoanza. Walirekodi nyimbo ishirini na sita. Onchiri, aliye Mkisii na anayeamini karatasi kuliko kumbukumbu, aliandika kwenye daftari kila shoo na kila kilichopigwa. Kwa mujibu wa daftari hilo, nyimbo ishirini na mbili zilipigwa mpaka zikalegea. Mmoja ulipigwa mara moja tu, Rongo, mvua ikaingia kwenye spika. Mwingine ulikuwa wa dakika kumi na moja, na kuanzia dakika ya saba mguu wa Onchiri ulikuwa ukikakamaa, kwa hiyo waliujaribu mara mbili wakauacha. Wa tatu ulisifu kiuno cha msichana ambaye baadaye alikuja kuwa mama mkwe wa Bonface, na hakuna mkwe anayeweza kusimama mbele ya watu akasema maneno hayo. Wa nne, "Vuta Kamba", haukupigwa hata siku moja.

Bonface, mwimbaji na mpiga gita, alikuwa mshika kamba Masara kabla ya bendi. Mshika kamba hukaa mdomoni mwa shimo la dhahabu na kuita majina. Akiita jina, aliye chini huvuta kamba mara moja, maana yake yuko salama. Kisha huita la pili. Siku udongo uliposhuka, Bonface aliita majina saba kwa mpangilio wake na kamba haikuvutwa. Akaita tena. Aliita mpaka jioni, na kufikia jioni majina yale yalikuwa yameshapata mdundo.

Mwenye shimo alikuwa mzee wa kanisa, Msabato, na siku ile ilikuwa Jumamosi. Aliwaeleza polisi kwamba katika shimo lake hakuna mtu aliyewahi kuchimba siku ya Sabato. Kwa kuwa hakuna aliyechimba, hakuna aliyefukiwa. Polisi waliona hoja hiyo ina uzito, wakaandika kwamba shimo lilikuwa tupu. Mzee huyo ndiye aliyeamuru washushwe asubuhi ile, kisha akaenda kanisani akaongoza somo.

Mwezi uliofuata alimpa Bonface gita la umeme na jenereta ya kuliendeshea. Hakumwambia anyamaze. Wimbo wa majina yale uliporekodiwa ndipo aliposema neno: kwenye santuri sawa, santuri huchakaa, lakini mbele ya watu hapana. Bonface alikuwa na miaka ishirini na mitano, na gita lilikuwa jekundu. Mzee huyo alihudhuria shoo nyingi mpaka alipofariki. Mara moja aliwahi kumwomba mmoja wa wale saba ainamishe kichwa kidogo ili aone jukwaa.

Jina la kwanza kwenye wimbo ni Elkana. Mkewe, Scovia, binti wa Asumbi, alikuwa na miaka ishirini alipofiwa na sasa ana sitini na saba. Kila shoo alikaa kando ya mumewe akamweleza habari za watoto, nani ameoa, ng'ombe gani ameuzwa. Wazee wa ukoo walimshauri miaka yote azike yago. Mtu akipotea, mwili usionekane, Wajaluo huchukua tunda la mti wa yago, refu na zito, wakalizika badala yake, wakalia, mambo yakaisha. Scovia alikataa. Yago ni ya mtu asiyejulikana aliko, aliwajibu, na huyu wake anajulikana aliko, mpaka mita. Alitaka achimbuliwe, azikwe upande wa kulia wa nyumba, panapozikwa mwenye boma. Mahali pale hapakulimwa wala kujengwa.

Sasa Sammy, mtoto wa mwenye shimo, alikuwa anajenga kituo cha mafuta juu ya lile shimo, na saruji ingemwagwa Alhamisi. Yeye pia ndiye aliyetoa hema za shoo ya siku ile. Scovia alipanda nyuma ya jukwaa akamkuta Bonface anafunga nyuzi za gita, akamwita mzee kwa Kijaluo.

"Jaduong', leo utaimba ile."

Bonface alisema sauti yake haifiki tena juu namna hiyo. Alisema nyuzi zimekaa vibaya. Kisha akasema alichokuwa anataka kusema.

"Nyar Asumbi, si unaona hizi hema ni za nani?"

"Ni za Sammy. Na mdomo ni wa nani?"

Bonface aliendelea kuzungusha uzi ambao ulikuwa umeshakaza.

"Alhamisi wanamwaga simiti," Scovia alisema. "Wakishamwaga nitamtoa na nini? Kijiko?"

"Mimi niko tayari tangu sabini na tisa," Onchiri alisema kutoka kwenye ngoma zake. "Omba tu mguu usinishike."

Waliupiga ukiwa wimbo wa tano wa siku ile. Kwenye santuri, baada ya kila jina pana kimya cha mapigo mawili, mahali pa kamba. Bonface aliita Elkana. Kwenye kile kimya Elkana alisimama akasema, "Niko." Bonface aliita la pili, na wa pili akasimama. Sauti ya Bonface ilipasuka kwenye la nne lakini wa nne alikuwa ameshasikia. Wote saba walisema wako, wakabaki wamesimama mpaka gita lilipokwisha. Watu walipiga makofi vizuri. Wengine waliomba urudiwe, wakarudia.

Sammy alipanda jukwaani akamshika Bonface mkono kwa mikono yake miwili. Alisema huo ndio wimbo wao bora kuliko yote na hajui kwa nini baba yake aliuficha. Scovia alimwuliza kuhusu Alhamisi. Sammy alisema pole mama, lori zimeshaitwa, labda ofisi iseme kitu. Afisa wa serikali aliyekuwa kwenye viti vya plastiki alisema amesikia yote kwa masikio yake, waje ofisini kesho.

Walikwenda. Elkana alipanga foleni tangu saa mbili, Scovia kando yake. Karani, msichana mpole aliyeitwa Dolphine, hakujua amwite kijana au mzee, maana uso ulikuwa wa miaka ishirini na sita. Aliangalia mwaka kwenye fomu, akachagua mzee. Alimwuliza siku ya ajali. Elkana alisema Jumamosi. Dolphine alifungua faili, akasoma, akasema Jumamosi shimo lilikuwa tupu. Ili lifukuliwe inatakiwa cheti cha kifo, na ili apate cheti inatakiwa ripoti inayosema alikufa.

"Si mimi ndiye huyu," Elkana alisema.

"Nakuona, mzee. Faili ndiyo haikuoni."

Bonface alikuwa amekuja kama shahidi. Alisema siku ile yeye ndiye aliyeshika kamba, aliwashusha saba na hakupandisha hata mmoja. Dolphine alimwuliza kwa nini hakusema wakati ule.

"Nilipewa gita," Bonface alisema.

Dolphine alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika jambo hilo. Hapakuwepo, akaliandika pembeni kwa penseli. Aliwaambia jibu litachukua siku tisini.

Jumatano jioni wale saba walianza kurudi Masara. Scovia alimshika Elkana mkono, akamwambia si lazima ashuke leo, nyumba ipo, kitanda kipo, asubuhi wataona la kufanya.

"Kwangu siingii kwa miguu, Scovia," Elkana alisema. "Mtu kama mimi hubebwa."

Scovia alijua ni kweli. Aliachia mkono, akawasindikiza mpaka kwenye lami.

Alhamisi lori nne zilimwaga saruji kuanzia asubuhi. Scovia alisimama kwenye uzio na leso mabegani. Mafundi walimletea kiti. Kufikia saa sita palikuwa sawa na tambarare kama meza, na msimamizi alipitisha ubao juu yake mara mbili ili maji yasitulie.

Kituo kilifunguliwa baada ya wiki saba. Sammy aliwaalika Homa Volts wapige kwenye ufunguzi, akaomba mwenyewe "Vuta Kamba" iwe wimbo wa kwanza, maana vijana walikuwa wameshaurusha kwenye simu na watu walitoka mpaka Kuria kuja kuusikia. Mchungaji alibariki pampu. Benchi la mbele lilikuwa limewekwa, na Scovia peke yake alikuwa amelikalia.

Saa ya kuanza ilipita. Onchiri alishika vijiti. Kisha mmoja wa wale saba alitokea nyuma ya pampu, akitembea polepole, vumbi la kijivu la saruji mpaka kwenye kope, na kucha za mikono yote miwili zimekwisha. Alikaa benchi la mbele. Baada ya robo saa alikuja mwingine, halafu wawili pamoja, mmoja amemshika mwenzake kwapani, halafu wa tano. Watu walisogea kuwapisha. Mtu aliwapa maji, na kwa mara ya kwanza wakanywa.

Nafasi ya kando ya Scovia ilikuwa bado wazi. Sammy aliangalia saa yake, akamwinulia Bonface kidole kwamba waanze.

Bonface alisogeza mdomo karibu na maikrofoni. Jina la kwanza lilikuwa Elkana. Alimtazama Scovia.

"Ngojeni," Scovia alisema. "Bado wawili."