Fomu Kumi na Mbili

Baba Davis alirudi kutoka semina ya biashara mjini Shinyanga akiwa na cheti chenye picha yake, kalamu nne na maneno ambayo hakuna mtu aliyemwomba. Kabla hajanywa hata maji alikipigilia cheti ukutani mwa banda langu la kupikia. Alisema wafanyakazi wakikiona watapata motisha.

Wafanyakazi wenyewe ni wachimbaji kumi na wawili wa duara lake, shimo refu lililo nje kidogo ya Geita. Hawana mshahara. Tajiri anawalisha, na mawe ya dhahabu yakitoka wanagawana naye viroba. Kwa miezi mitano walikuwa wametoa vumbi na matusi tu. Mwenye mshahara nilikuwa mimi peke yangu, mpishi, elfu themanini kwa mwezi, na zote zilikwenda kwenye ada ya Violeth wangu anayesomea uuguzi. Baba Davis alilijua hilo vizuri, maana kila mwezi aliniuliza mtoto anaendeleaje.

Kesho yake akagawa fomu kumi na mbili.

"Utafiti ndio msingi wa biashara," alitutangazia. Nilipouliza fomu yangu alicheka. "Mama Violeth, wewe pika. Hizi ni za wenye taarifa."

Nikaendelea kumkorogea uji.

Swali la nne liliuliza mawe yanatarajiwa kutoka lini. Wote kumi na wawili waliweka alama penye "Sijui." Bujiku, kiongozi wao, alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Hali ni mbaya, tajiri."

Mwongo mkubwa! Tangu Jumanne watu wale walikuwa wameacha kulalamikia maharage yangu. Miezi mitano maharage ni magumu, chumvi imezidi, ugali umepoa. Ghafla wananiita mayu kama mama zao, wanashukuru, wanaosha sahani wenyewe. Nimepika machimboni miaka tisa. Mchimbaji akisifu maharage, ujue ameona kitu huko chini, na ananyamaza ili afiche kipande chake kabla tajiri hajaleta walinzi. Na mimi nikafunga mdomo.

Baba Davis alizijumlisha fomu zake siku mbili nzima, kisha akaniita.

"Utafiti umeonyesha gharama ya kudumu hapa ni moja tu, wewe. Kuanzia leo utalipwa kwa mgao kama wenzako. Kila viroba kumi vikitoka, kimoja chako, kutoka kwenye fungu langu. Mfanyakazi mwenye mgao anajiona mwenye mali."

Aliuma mdomo asicheke. Hakuna kiroba kilichotoka, na hakuna alichotarajia kitoke. Nilimchukia pale pale. Anamnyang'anya mtoto wangu ada, halafu anaiita motisha.

Nililia, na sikuigiza sana. Kama nimekosea kuhusu maharage, Violeth anarudi nyumbani na begi lake. Lakini katikati ya machozi niliomba iandikwe. Akaandika kwa kalamu ya semina, akagonga muhuri, na Bujiku akasaini kuwa shahidi bila kuniangalia usoni.

Siku ya nane duara likatema mawe ya dhahabu. Viroba sitini! Baba Davis alifika mbio na lori, walinzi wawili, na fomu moja mpya yenye jina langu: *Je, ungependa kurudi kwenye mshahara?*

"Mshahara una heshima yake, Mama Violeth," alisema kwa sauti ya msibani. "Nakupa laki moja na nusu."

Nikaweka alama penye "Hapana."

Akasema karatasi ile ya kwanza ilikuwa ya majaribio tu. Bujiku hakubishana naye. Alikwenda kukaa juu ya viroba, na wenzake wakamfuata, maana walijua ni nani aliyewanyamazia. Lori halikupakia hata kimoja mpaka vyangu sita vilipowekwa pembeni. Ada ya Violeth mpaka amalize chuo ilikuwa imelala pale chini, imefungwa kwa kamba.

Mchana Baba Davis aliketi bandani, chini ya cheti chake.

"Ulijuaje?"

Nikampakulia.

"Fomu zilikuwa kumi na mbili, Baba Davis. Yangu hukuileta."

Alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani, akasema maharage ni magumu.