Msemaji wa Benchi

Muuguzi alikuja kumchomoa Fundi kwenye mashine ya figo kabla damu yake haijasafika. Alikuja taratibu, macho yakiwa sakafuni, akabonyeza kitufe, mashine ikalia kidogo kisha ikanyamaza. Fundi alinyoosha mkono wenye mshipa uliovimba, akageuza kiganja juu kama mtu aliyezoea kupekuliwa. Siku hiyo walikuwa wamelipia nusu.

Mkewe alikuwa nje, kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa msusi, na vidole vyake bado vilinukia mafuta ya nywele za watu. Alisuka tangu alfajiri, akapeleka chote alichopata kwenye dirisha la malipo, na mhasibu akamwambia kwa upole kwamba hicho kinafika nusu tu, je, aandike nusu? Akasema andika.

Pale kwenye benchi neno hilo lilikuwa limeshakuwa la kawaida. Watu walisalimiana nalo: leo nzima au nusu? Aliyepata nusu alirudi nyumbani na nusu ya sumu mwilini, miguu imejaa, pumzi fupi, na kulala chali ikawa ndoto. Fundi alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Zamani alibeba geti zima begani na kuvuka nalo barabara huku akipiga mluzi. Sasa kutoka kitandani hadi mlangoni alihitaji kituo cha kupumzika.

Wodini, kiti cha pembeni ya Fundi kilikuwa cha binti waliyemwita Bi Harusi, kwa sababu figo zilimwangusha wiki ya harusi yake. Mchumba alikuja mwanzoni, akiwa na matunda. Baadaye yakaja matunda bila mchumba, kisha hata matunda yakakoma. Aliyebaki ni mama yake, mwanamke mpole aliyeuza mkaa, mweusi wa kucha hata akizisugua vipi, ambaye aliweza kukaa asubuhi nzima bila kusema zaidi ya "ndiyo" na "haya."

Msusi alikuwa kinyume chake. Mtaa mzima ulimwita Mama Redio. Maneno yalimtoka bila kutafutwa, na hata katika benchi lile, mahali ambapo watu walikaa wakisikiliza mlango, alipata la kuwachekesha. Alisema mumewe siku hizi amekuwa gari la serikali, haliwaki mpaka libadilishwe oili. Mama wa Bi Harusi alicheka hadi akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akabaki na doa jeusi shavuni.

Mheshimiwa alifika wodini wakati wa kampeni, alipokuwa bado upande wa upinzani. Siku ya kwanza alikuja bila wapiga picha, na hilo ndilo lililowashika. Alivuta kigoda, akakaa kati ya Fundi na Bi Harusi, akauliza maswali ya mtu anayetaka kujua: mnalipa vipi, mkikosa inakuwaje, nusu maana yake nini. Wakamweleza maana ya nusu. Akasema kwamba bima ya afya ya serikali inawakumbatia wenye mishahara tu, na kwamba chama chake kikishinda itamkumbatia kila mtu, msusi na muuza mkaa na mchomeleaji, na mashine ya figo itakuwa ndani yake. Nzima, alisema, kwa kila mtu, kila mara. Macho yake yalilowa. Mama Redio aliyaona kwa karibu. Hata baadaye, alipotamani sana kuamini kwamba yalikuwa machozi ya kuigiza, hakuweza.

Waziri wa afya wa wakati ule alijibu kwamba nchi haina uwezo huo. Basi Mama Redio akapewa kipaza sauti kwenye mikutano ya Mheshimiwa, akamwita waziri yule Bwana Hatuna Uwezo, na jina likamganda. Alisimulia habari za nusu. Aliwauliza watu kama wamewahi kuona mheshimiwa yeyote akipandishwa nusu ya ndege. Viwanja vikaangua kicheko, kisha vikanyamaza, maana alijua pia kuwanyamazisha. Mama wa Bi Harusi, ambaye maishani hakuwahi kupanga foleni ya kura, siku ya uchaguzi alifunga mkaa wake akaenda. Alisema anaenda kwa sababu ya Mama Redio.

Chama kikashinda. Mheshimiwa akawa naibu waziri, wa afya hasa, na benchi zima likapeana mikono. Walingoja. Mvua zikaja zikaenda. Mama Redio aliwaambia wenzake wawe na subira, nyumba ya mtu haihamiwi kwa siku moja.

Siku alipoisikia habari yenyewe alikuwa kibandani kwake, kichwa cha mteja kiko katikati ya magoti yake. Redioni walikuwa wakitangaza mjadala wa bunge. Upande mmoja uligonga meza ukidai bima ipanuliwe, wagonjwa wa figo waingizwe, watu wanakufa. Upande wa pili ulisema kwa masikitiko kwamba nchi haina uwezo huo kwa sasa. Alidhani watangazaji wamechanganya sauti. Aliyekuwa akidai kwa uchungu alikuwa Bwana Hatuna Uwezo, ambaye sasa alikaa upinzani. Aliyekuwa akisema nchi haina uwezo alikuwa Mheshimiwa. Mteja akamwambia anamvuta, na Mama Redio akaona kwamba kweli ameishika nywele ile kama kamba ya ndoo.

Wanawake wa benchi waliamua kwenda ofisini kwake. Hakuna aliyeuliza nani atasema. Walivaa nguo zao za heshima, wakafika getini, na mlinzi akapiga simu ndani. Akarudi na jibu kwamba Mheshimiwa atamwona Mama Redio peke yake, kwa kuwa ofisi ni ndogo. Wakamwambia aende tu, yeye ndiye mdomo wao. Wakabaki juani, mifuko wameiweka vichwani.

Ofisi haikuwa ndogo. Ilikuwa na baridi ya mashine na zulia lililomeza sauti ya viatu. Mheshimiwa aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwita dada yangu. Alikuwa amekonda. Alimweleza kwamba alipokuwa nje alikuwa akiiona nyumba kupitia dirishani, na sasa ameingia mpaka jikoni, akafunua kila chungu, na hamna kitu.

"Hayo ndiyo aliyosema yule bwana," Mama Redio alisema. "Tukamcheka. Wewe ndiye uliyenipa kipaza sauti nimcheke."

"Alikuwa anadanganya."

"Na wewe?"

"Mimi nasema kweli."

"Maneno ni yale yale, Mheshimiwa."

"Maneno ni yale yale, dada yangu. Tofauti ni kwamba mimi yananiuma."

Na kweli yalionekana kumuuma. Akauliza Fundi anaendeleaje. Aliposikia kwamba ni nusu, tena si kila wiki, alifumba macho. Kisha akasema hilo liishe leo. Atapiga simu hospitali mwenyewe. Kuanzia sasa Fundi atapata nzima, kila mara, kupitia ofisi yake, na Mama Redio asikanyage tena dirishani. Ila kesho waandishi wa habari watapita wodini. Awaambie tu jinsi serikali ilivyomsaidia.

"Serikali au wewe?"

"Ni kitu kimoja."

Mama Redio akamuuliza, na Bi Harusi je? Mheshimiwa alitazama dirishani, upande wa geti, ingawa pazia lilikuwa limefungwa.

"Nikiwafungulia wawili, benchi zima litaingia. Ndiyo maana nimekuita peke yako."

Mama Redio alimfikiria mumewe anavyolala siku hizi, amekaa, paji la uso juu ya meza, miguu imevimba mpaka inang'aa. Alifikiria anavyosikiliza pumzi zile na kuogopa ile itakayofuata isifuate. Mdomo wake ambao haujawahi kukosa neno ulitafuta, ukapata moja tu. Akasema sawa.

Katibu muhtasi alimwambia kwamba geti la mbele lina watu, apite nyuma itakuwa rahisi. Alijua watu hao ni nani. Akamfuata katibu kwenye korido ndefu, akatokea barabara nyingine, akapanda basi. Wenzake walingoja mpaka mlinzi alipobadilishwa.

Kesho yake alisimama mbele ya kamera kando ya kiti cha Fundi akasema tunashukuru. Mwandishi akamwomba arudie kwa sauti, maana walimsikia ni mwongeaji. Akarudia.

Fundi alipata nzima. Uvimbe ukashuka, mifupa ya miguu ikaonekana tena, akalala chali usiku kucha akikoroma, na Mama Redio akakaa macho akisikiliza mkoromo ule kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi. Mumewe alimuuliza mara moja tu.

"Na wenzetu?"

Akamjibu ashukuru Mungu alale. Fundi akageukia ukutani. Alitaka kuishi. Lakini wodini, muuguzi alipokuja kumchomoa Bi Harusi kwenye kiti cha pembeni huku mashine yake yeye ikiendelea kuunguruma, alianza kujifanya amesinzia. Binti naye, kwa adabu zake, aliondoka akinyata asimwamshe.

Kwenye benchi hakuna aliyemgombeza. Walisogea tu wampe nafasi, na nafasi waliyompa ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Mazungumzo yalizimika alipokaa, yakawaka tena alipokwenda kunywa maji. Mama wa Bi Harusi peke yake aliendelea kumsalimu kama zamani, na akileta mkate alimkatia kipande. Mama Redio aliona afadhali wale waliomnyamazia. Hakujua mwenzake anajua nini. Kuna siku alitaka kumwambia yote, akaanza na habari ya hali ya hewa, akaishia hapo hapo.

Bi Harusi akapata nusu, kisha wiki nzima hakupata kitu, kisha nusu tena. Uso wake ulijaa, ukawa laini kama wa mtoto aliyenenepa. Bunge lilipiga kura siku za katikati ya mwezi. Waliokataa zamani walikubali, waliokubali zamani walikataa, hoja ikaanguka, na mtangazaji akasifu ukomavu wao kwa kuwa baadaye walionekana wakipeana mikono nje ya ukumbi na kutaniana. Binti hakuisikia habari hiyo. Maji yalikuwa yameshapanda mapafuni, na alikufa asubuhi, kwenye mkeka, akimwomba mama yake afungue dirisha ambalo lilikuwa wazi.

Mama Redio alifika msibani mapema, akakaa chini pamoja na wanawake wengine, nyuma kabisa, karibu na magunia ya mkaa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Fundi hospitali. Alikuwa amemwacha ameshaunganishwa, akaja.

Walipokuwa wakingoja mwili utolewe, magari yakasimama nje. Akaingia mtu mrefu mwenye suti nyeusi, na nyuma yake kijana mwenye kamera na mwingine mwenye kipaza sauti. Mama Redio alimtambua kabla ya wengine. Jina lile alimbandika yeye mwenyewe. Bwana Hatuna Uwezo alivua viatu mlangoni, akapiga magoti mbele ya mfiwa, akasema kwa sauti iliyokatika kwamba binti huyu ameuawa na serikali isiyo na huruma, na kwamba nchi nzima lazima isikie. Akamwomba mama aseme maneno machache tu, kutoka moyoni. Machozi yalimshuka waziwazi, mpaka kwenye kola.

Mama wa Bi Harusi aliitazama kamera kwa muda. Kisha akageuka taratibu, akitafuta kati ya vichwa vya wanawake, akaonyesha kwa kidole chake cheusi.

"Mimi sijui kusema mbele za watu," alisema. "Msemaji wetu ni yule."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Wanawake wakasogea, njia ikafunguka, na kipaza sauti kikaja mpaka kwenye midomo ya Mama Redio, karibu kiasi kwamba alinusa mate ya mtu aliyekitumia kabla yake. Bwana Hatuna Uwezo akamtambua, akasita kidogo, kisha akamtikisia kichwa kwa upole kama mtu anayesamehe. Ndani walikuwa wakiunyanyua mwili. Hospitalini, wakati huo, damu ya Fundi ilikuwa nje ya mwili wake, inazunguka ndani ya mipira, nzima, kwa simu ya mtu mmoja.

"Mama, sogea kidogo kwenye mwanga," kijana wa kamera alisema. "Haya. Tunakusikiliza."