Mama Hakuzaliana

Heri kujikwaa ulimi kuliko kidole. Ulimi hujirudi, kidole cha mhariri kilikuwa kimeshaandika, na karatasi ilikuwa mezani studio, mbele ya msomaji wa habari ambaye wenzake walimwita Kamusi: "Waislamu wazaliana kwa kasi kuliko dini zote."

Kamusi aliisogeza karatasi mbali kidogo, kama aliyekuta unywele kwenye uji.

"Bosi, hili ni neno la mbu," alisema. "Mbu huzaliana. Panya huzaliana. Watu huzaa."

Nyuma ya kioo mhariri alicheka. "Dada, usituanzie ualimu. Si yale yale? Utafiti unasema wanaongezeka."

"Basi andika wanaongezeka. Na utafiti huohuo unasema wengi wao bado vijana. Hilo umelila?"

"Kichwa cha habari lazima king'ate, dada'ngu. Soma."

"Hiki haking'ati. Kinatema mate."

Fundi mitambo akainamia vitufe vyake, kajitia uziwi.

Nyumbani, mama yake Kamusi alikuwa jikoni, ushungi kichwani, redio juu ya kabati, akiwanyamazisha majirani kama kila asubuhi: nyamazeni, mwanangu anaongea. Alizaa tisa, akazika wawili, na mpaka leo huwataja wote kwa majina, walio hai na waliokufa. Leo mwanawe amwite panya hewani?

Taa nyekundu ikawaka.

"Utafiti mpya unaonyesha kuwa idadi ya Waislamu duniani inaongezeka kwa kasi kuliko ya waumini wa dini nyingine," alisoma, sauti imetulia kama maji ya mtungi. "Sababu mojawapo ni kuwa wengi wao ni vijana, walio katika umri wa kuzaa."

Lile neno la mwisho alilikazia.

Taa ilipozimika, mhariri aliingia amefura kama chura. "Umeichezea habari yangu! Taarifa ijayo utaomba radhi, la sivyo acha kitambulisho hapa, uende zako."

Kamusi akavitazama vile vidole vya mhariri, vinono, safi, vimekatwa kucha vizuri. Mate yakamjaa mdomoni. Akayameza, zulia halikuwa na kosa.

Alivua kitambulisho shingoni, akakibandika juu ya karatasi, palepale penye lile neno la mbu.

"Mama alinizaa, bosi. Hakuzaliana. Radhi siombi."