Mashtaka Ng'ambo ya Daraja

Marlys Tveit alipohama kaunti ya Harlow kwenda Pruett, hakwenda mbali. Alivuka daraja tu. Baba yake, aliyeishi huko, alikuwa amepooza upande mmoja na hakuwa na wa kumtazama, na ofisi ya mwendesha mashtaka ya Pruett ilikuwa na nafasi. Jimbo ni lile lile, Wisconsin, alijiambia. Sheria ya bangi ni ile ile kwenye kingo zote mbili za mto.

Sheria, ndiyo. Lakini kila kaunti humpigia kura mwendesha mashtaka wake, na huyo ndiye anayeamua nani apelekwe mbele ya hakimu. Kule Harlow, mkubwa wake wa zamani hakutaka kuona kesi ya mtu aliyekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe. Marlys alizitupilia mbali kesi hizo hata chai haijapoa. Huku Pruett, Gerhardt Lindner alichaguliwa kwa kuahidi kwamba hatamwachia hata mmoja.

Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, aliletewa jalada la Duane Kubiak, dereva wa lori la maziwa. Polisi walimsimamisha na gari lake mwenyewe, taa ya nyuma imekufa, wakamkuta na kifuko cha bangi ndani ya koti. Marlys alilitambua jina. Majira ya vuli, kule Harlow, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mtu huyu aende zake nyumbani.

Akalipeleka jalada kwa Lindner.

"Huyu nilimwachia kule. Mpe mwingine kesi hii, mzee. Au tuifute."

Lindner alikuwa akimenya chungwa. "Ulimwachia, akarudia. Sasa nani atamfundisha?"

"Kampuni ya maziwa haimweki dereva mwenye hatia ya dawa za kulevya. Atafukuzwa."

"Wapiga kura wa huku wanajua walichonituma. Wewe hujapigiwa kura, Marlys." Alisema kwa upole, akamkatia kipande cha chungwa. Marlys akakipokea, akala. Hakusikia utamu wala uchachu.

Siku ya kesi, Duane alimwona ukumbini akachangamka kama aliyekutana na jirani ugenini.

"Dada Marlys! Kumbe umehamia huku? Basi tumalize haraka, ng'ombe hawajui habari za mahakama."

"Duane, tafuta wakili."

"Wakili wa nini? Si utaniambia niende nyumbani?"

"Huku si kule."

Akacheka, akidhani ni utani. "Wewe ni yule yule, au una pacha?"

"Ni mimi."

"Na bangi ni ile ile, maana muuzaji sijambadilisha." Akamtazama usoni akingoja naye acheke. Cheko lake mwenyewe likamfia mdomoni. "Kwa hiyo kosa langu ni kuvuka daraja?"

Ndani ya Marlys palikuwa pamekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Akamrudia tu, "Tafuta wakili," akaingia.

Duane hakutafuta. Alikiri kosa, kwa kuwa bangi ilikuwa yake kweli. Marlys alisimama akasoma mashtaka kwa sauti iliyonyooka, hata karani akamsifu baadaye kwa matamshi yake. Hakimu akatoza faini. Kabla wiki haijaisha, kampuni ikachukua funguo za lori.

Jioni ya siku ile ya kesi, Marlys alimlisha baba yake supu, akamfuta kidevu. Kesho yake palikuwa na majalada mengine, naye akayasoma yote.

Theluji ilipoyeyuka, alimkuta Duane kwenye kituo cha mafuta, buti zake zimegandwa na mavi ya ng'ombe. Alikuwa amehamia Harlow, akisafisha zizi la mkulima mmoja.

"Bado uko na yule mzee Lindner?" Duane aliuliza.

"Bado."

"Mimi nimehama. Nikivuta, nivutie kwa majirani zako wa zamani." Hakutabasamu wala hakukunja uso. "Nasikia baba yako alipooza. Anaendeleaje?"

"Yupo vile vile."

"Msalimie."

Akapanda gari lake akaondoka. Marlys alibaki ameshika bomba la mafuta, tangi limejaa zamani, mpaka mtu wa nyuma yake akapiga honi.