Majina Yaliyolinda Michungwa

Umande ulikuwa bado majanini Térence aliposimama chini ya mchungwa wa kwanza katika shamba la Mzee Telesphory, pembeni mwa mtaa wa Katubuka, si mbali na ziwa, akataja jina la kaka yake aliyeuawa Burundi. Kinywani mwake wakatoka nyigu wadogo kuliko punje ya chumvi, wakapanda matawini kutafuta mayai ya nondo. Kisha akaenda kunywa uji.

Nyigu hao hutaga ndani ya yai la nondo. Yai hugeuka jeusi, na badala ya funza wa kutoboa chungwa hutoka nyigu mwingine. Bwana shamba aliwahi kuleta wa kwake, wamebandikwa kwenye vikadi, wakafa kwa joto. Wa Térence hawakufa. Ila kila jina alilolitaja chini ya michungwa lilimtoka kabisa, na sura ya mwenye jina ikaondoka nalo. Kwingine kote majina yalikuwa majina tu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Telesphory aliwaambia wanunuzi huku akicheka. Mkarimu wa maneno, mzee yule. Mshahara wa Térence ulikuwa uji na kutopelekwa kambi ya wakimbizi.

Kambini hakutaka kwenda kwa sababu moja. Maboti yalikuwa bado yakishusha wakimbizi, na kila Jumapili aliteremka ufukweni kumuulizia binti yake Aurore, waliyepotezana naye njiani. Mama, ndugu, majirani wa kilima chao, wote alishawamaliza michungwani. Jina la Aurore alilinyima miti.

Msimu uliofuata nondo walirudi.

"Taja," alisema Telesphory.

"Mzee, limebaki la binti yangu tu. Nikilitaja, nitamuulizia vipi?"

"Nondo wakimaliza machungwa, mimi sina kazi ya kukupa. Na ukishafungiwa kambini utamuulizia nani? Taja, bwana."

Alilitaja. Nyigu walitoka hadi adhuhuri. Inauma kusema, lakini Jumapili ile hakuteremka ufukweni, maana hakujua aende kufanya nini.

Machungwa yalipoanza kuiva, msichana mwenye vumbi la safari, aliyeelekezwa na watu wa ufukweni, alisimama getini.

"Data, ni jewe," alisema kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili: "Baba, ni mimi, Aurore."

Térence alimtazama vizuri, akamwonea huruma.

"Pole, mwanangu," alimjibu, kama wazee wanavyowaita watoto wa watu. "Humu hakuna mtu wako. Jaribu kwa jirani."

Msichana akamweleza habari za nyumba yao, za mama, za mbuzi mwenye pembe moja. Térence alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamletea maji. Msichana alilia hadi sauti ikakauka.

Telesphory alitoka kumuuliza kama amefiwa.

"Na wengi," alisema msichana.

Akaonyeshwa pa kulala.

Asubuhi alielezwa kazi, na kwamba jina likishatoka halirudi. Aliuliza kama uchungu nao hutoka. Telesphory akasema hutoka. Basi akasimama chini ya mchungwa, akaanza na Térence. Nyigu walitoka wengi, wenye afya, na yule mzee wa mti wa pili, aliyemletea maji jana, akamsifu kwamba anaijua kazi.