Pazia la Ngurumo

Mikono ya fundi hufanya kazi hata akili ikiwa safarini, na safari moja mikono ya Mama Mapazia ilifanya kazi kupita kiasi.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameshona mapazia tu. Kitambaa chochote kirefu kikipita chini ya sindano yake, hakikutoka bila utepe wa marinda juu, na ndani ya utepe kamba mbili nyembamba, zile ambazo ukizivuta pazia linajikunja na kujifunga lenyewe. Ndivyo alivyofundishwa, na vidole havikujua njia nyingine. Basi alipoombwa kushona joho la shujaa wa filamu, mita nne za kitambaa cha zambarau, alikaa kwenye cherehani, akaanza kuwaza juu ya bomba la jikoni linalovuja, na alipokuja kushtuka joho lilikuwa limekwisha. Na kamba zake zilikuwa ndani.

Shujaa mwenyewe alikuwa mume wake.

Mume huyo alikuwa msoma mita wa umeme, mtu mrefu na mpole kupita kimo chake. Alizoea kubisha hodi kwa kidole kimoja, kusubiri kidogo, kisha kuondoka kabla hajafunguliwa, asije akawasumbua wenye nyumba. Mbwa wote wa mtaa walimjua na hakuna hata mmoja aliyemheshimu. Siku moja mpiga picha wa studio ya karibu, ambaye watu walimwita Kamera, alimwona juu ya ngazi, jua likiwa nyuma yake, akaamua papo hapo kwamba amempata Ngurumo, shujaa wa filamu aliyokuwa akiiwaza.

Filamu hiyo ya kwanza, yenye jina hilohilo, iliwagusa watu wote. Ngurumo alizungumza mara sita tu na kulia mara moja. Watu walitoka ukumbini wakiwa kimya, wanaume wakijifanya wana vumbi machoni. Kuanzia hapo msoma mita alikuwa akibisha hodi mara moja tu na mlango unafunguliwa. "Ngurumo, pita, pita, mita iko nyuma ya kabati." Mgongo wake ukanyooka. Mkewe, aliyekuwa akimtazama asubuhi akivaa sare yake mbele ya kioo, alimsikia mara mbili akipiga mluzi.

Sasa ilikuwa imetoka ya pili, Ngurumo Arudi Tena, na Kamera alikuwa amejiachia. Aliongeza adui, Malkia wa Kutu, aliyeigizwa na muuguzi wa zahanati: akipuliza unga wa kahawia tu, kila chuma kinaoza. Aliongeza ngoma ya kucheza juu ya paa. Aliongeza mbuzi anayejua siri. Aliongeza na lile joho la zambarau. Na kwenye tukio kubwa kuliko yote, Ngurumo aliruka kutoka juu ya mnara wa tangi la maji akiwa amefungwa kwa mkanda kwenye waya wa winchi iliyoazimwa kwa wachimba visima, iliyotakiwa kurudishwa adhuhuri. Akiwa hewani alipeleka mkono kifuani kutafuta kifungo cha mkanda. Alichokipata ni kamba mbili nyembamba. Akavuta.

Joho likajifunga. Lilimzunguka kichwa na mabega kwa marinda mazuri, yaliyolingana, kama dirisha la chumbani jioni inapoingia. Akaning'inia pale, akizunguka polepole kama furushi. Kisha sauti ikatoka ndani ya kitambaa, nzito, isiyo na haraka: "Giza hili nimelichagua mwenyewe."

Wachimba visima walikuja kuchukua winchi yao. Hapakuwa na nafasi ya kurudia. Kamera akaliacha tukio kama lilivyo.

"Nilishika kitu gani, hata sijui," mume alimwambia mkewe siku ile. "Nimeharibu kazi ya watu."

Hapo ndipo Mama Mapazia alipotakiwa kusema. Alifungua kinywa, akaziona zile kamba akilini, akasema, "Ah, filamu ndivyo zilivyo." Miezi miwili ilikuwa imepita, na maneno ambayo hakuyasema bado yalikuwa yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ukumbi wao ulikuwa zamani ghala la magodoro, na kuta zake zilikuwa bado na sponji, kiasi kwamba hata ukikohoa kikohozi kinatoka na adabu. Mwenye ukumbi alikuwa na kanuni yake. Mlangoni aliweka ndoo mbili, ya bluu na nyekundu. Ukitoka, unatia kipande cha tiketi yako: bluu kama umeipenda filamu, nyekundu kama hukuipenda. Nyekundu ikizidi siku ya kwanza, filamu haionyeshwi tena. Hapakuwa na rufaa, na kwa kuwa hapakuwa na ukumbi mwingine, hapakuwa na pa kukimbilia.

"Ndoo nyekundu ikizidi," msoma mita alisema wakiingia alasiri ile ya Jumamosi, akiwa ameshusha kofia hadi kwenye nyusi, "mimi na Ngurumo basi. Nitasoma mita mpaka nistaafu."

"Usiseme hivyo, baba watoto."

"Nimeshasema."

Walikaa safu ya nyuma. Kati yao alijipenyeza wifi yake Mama Mapazia, dada wa mume, mwanamke mwenye kicheko kinachohitaji kiti chake peke yake. Mama Mapazia alipakata mfuko wenye lile joho, maana Kamera alitaka litundikwe mlangoni watu walione. Alilikumbatia kama mtu aliyebeba ushahidi wa kosa lake mwenyewe, na ndivyo ilivyokuwa.

Filamu ikaanza. Ngoma ya juu ya paa ilipofika, nusu ya ukumbi ilipiga makofi na nusu ikaguna. Mbuzi alipokataa kutoa siri, mtu mmoja alisikika akisema, "Huyu ndiye mwigizaji pekee hapa." Kisha ukaja mnara wa tangi. Ngurumo akaruka, joho likajifunga, furushi likaanza kuzunguka.

"Giza hili nimelichagua mwenyewe."

Wifi alicheka mpaka akapiga kiti cha mbele yake, na mwenye kiti hakujali kwa sababu naye alikuwa amejikunja. Lakini kwenye safu ya kwanza mwalimu wa hesabu, aliyeiona filamu ya kwanza mara tisa, alisimama, kivuli chake kikafunika nusu ya shujaa.

"Nyamazeni. Kuna mtu anakufa pale."

"Anakufa kwa pazia, mwalimu?" sauti ikauliza gizani, na ukumbi ukaangua kicheko tena.

Mama Mapazia hakumtazama mume wake. Aliisikia tu kofia ikishushwa zaidi.

Taa zilipowashwa, hakuna aliyetoka. Watu walisongamana mlangoni, tiketi mkononi, kila mmoja akitaka kwanza mwenzake akiri kwamba hana akili.

"Ni upuuzi mtupu," mwalimu alisema, akitia tiketi yake kwenye ndoo nyekundu. "Ya kwanza ilikuwa juu ya mtu aliyejitoa kwa ajili ya wengine. Hii ni juu ya nini? Mbuzi?"

"Juu ya kucheka," alijibu kinyozi wa mtaani, akitia yake kwenye bluu. "Wiki nzima nasikiliza matatizo ya watu nikiwa na mkasi mkononi. Niache nicheke."

"Ungekaa nyumbani ukajitazama kwenye kioo."

"Ninavyo vioo vinne kazini, mwalimu, na vyote vinanipenda."

Wengine nao wakaanza kutia tiketi zao. Wifi alikuwa amemshika kaka yake mkono. "Kaka, hujanichekesha hivi tangu ulipotumbukia kwenye pipa la chokaa."

"Ile ilikuwa sehemu ya huzuni," msoma mita alisema.

"Ipi?"

"Ile niliyokuwa naning'inia."

Wifi alimtazama ahakikishe kama anatania, akaona hatanii, na hilo likamchekesha upya, maskini, hata akalazimika kushika ukuta wa sponji.

Hapo Mama Mapazia akaona jambo ambalo hakulitarajia. Alikuwa amewaogopa waliochukia. Kumbe waliopenda nao walikuwa wakimchoma mume wake, kila kicheko kikiingia mahali pake. Yeye alikuwa na uso wa huzuni mle ndani ya joho, huzuni ya kweli, na hakuna aliyeuona, kwa sababu pazia la mkewe lilikuwa limeshonwa vizuri mno.

"Mimi tatizo langu ni mwigizaji," mwalimu aliendelea, bila kujua kofia ile ya nyuma ilifunika nini. "Mtu aliyefanya vizuri vile mara ya kwanza, leo anashika kamba ovyoovyo? Huo ni uzembe. Amelewa sifa."

Msoma mita akauondoa taratibu mkono wa dada yake. Akapita katikati ya watu, akiomba radhi kwa kila bega alilogusa, akaelekea kwenye ndoo nyekundu na tiketi yake mwenyewe mkononi.

"Baba watoto, subiri."

Mama Mapazia alikuwa amepanda juu ya benchi. Hakukumbuka kupanda. Ukumbi mzima ukageuka.

"Hakushika ovyo," alisema. "Zile kamba ni zangu. Nilishona joho kama ninavyoshona pazia, nikaweka kamba za kuvutia, na sikumwambia mtu. Hata yeye sikumwambia. Miezi miwili anajilaumu, nami namtazama tu. Mwenye kuandikiwa uzembe ni mimi."

Mume wake alisimama, tiketi ikiwa sentimita chache juu ya ndoo.

"Mimi siamini kitu kisichothibitishwa," mwalimu alisema. Ilikuwa tabia ya kazi yake.

Mama Mapazia alishuka, akatoa joho mfukoni, akamvisha. Lilimfika chini, maana mwalimu hakuwa mrefu. "Sasa peleka mkono kifuani, kama unatafuta kifungo," alimwambia. "Umepata kitu?"

"Nimepata."

"Vuta."

Mwalimu wa hesabu akatoweka. Palibaki nguzo ya zambarau yenye marinda na viatu viwili vyeusi. Nguzo ikapiga hatua, ikagonga benchi, ikasimama.

"Sioni," ilisema.

"Sema neno la kishujaa basi," wifi akaidai.

Watu wakangoja. Ndani ya marinda mtu alisikika akivuta pumzi, akaianza sentensi, akaiacha.

"Sina," mwalimu alisema hatimaye.

Walipomfungua, nywele zimemsimama, hakumtazama mwingine ila msoma mita, ambaye sasa alikuwa amevua kofia na kurudisha tiketi mfukoni. "Yale maneno ya giza yaliandikwa?"

"Hayakuandikwa," msoma mita alijibu kwa sauti yake ya kubisha hodi. "Nilikuwa sioni kitu. Nikawaza, nikipiga kelele watakata picha, na winchi inaondoka. Nikasema lililokuja."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Sana."

Mwalimu alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuta jibu sahihi mwishoni mwa hesabu iliyokosewa yote. "Mimi nimekaa mle kwa muda wa kuhesabu kumi, miguu ikiwa sakafuni, na sikupata hata neno moja."

Kuanzia hapo hapakukalika. Waliotia nyekundu wakataka kuhamishia bluu. Wawili watatu wa bluu wakataka kuhamia nyekundu, wakisema wamemcheka mtu aliyekuwa anaogopa na sasa wanajisikia vibaya. Mwenye ukumbi alizikumbatia ndoo zote mbili akasema kilichoingia hakitoki. Akahesabu mbele ya macho yao: nyekundu sitini na moja, bluu hamsini na mbili.

Msoma mita alianza kuivaa kofia yake.

"Basi kesho saa ngapi?" mwalimu akauliza.

"Kesho hakuna," alisema mwenye ukumbi. "Kanuni unaijua."

"Naijua. Lakini nilipiga kura kabla ya ushahidi kukamilika. Lazima niione tena nikijua kamba ziko wapi. Naweza kuichukia vilevile, ila nitaichukia kwa usahihi."

"Na mimi nataka nione kama nitacheka tena," alisema wifi, akijifuta macho, "au nitalia. Mtu lazima ajijue."

Minong'ono ikakubali kutoka pande zote mbili. Mwenye ukumbi aliitazama ndoo moja, akaitazama nyingine. "Kanuni yangu inasema filamu isiyopendwa haionyeshwi," alisema taratibu. "Sikuwahi kufikiria watu watakaotaka kurudi kuitazama wakiwa hawaipendi. Njooni saa tisa."

Njiani kurudi nyumbani mume na mke walitembea bega kwa bega.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza mume.

"Niliogopa utaona nimekuharibia kitu chako kimoja ulichokuwa nacho."

Alifikiri juu ya hilo mpaka kona. "Nami nilikuwa sitaki uzungumzie tukio lile, nisije nikakwambia kwamba nililia." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya winchi, alicheka, na mkewe akapata nafasi ya kucheka naye, miezi miwili ya mwiba ikashuka kooni.

Jumatatu mume alirudi nyumbani mchana kula, mkewe akiwa kwenye cherehani.

"Leo nilikuwa kwa mwalimu," alisema, akivuta kiti. "Nimebisha hodi kwa ngumi."

"Kwa ngumi?"

"Kwa ngumi. Akafungua, akaniambia, 'Filamu yenu bado ni mbaya. Nimeiona mara mbili, nina uhakika sasa.' Nikamwambia sawa, mwalimu. Nikasoma mita. Natoka, ananifuata mpaka getini, anauliza ya tatu tunaanza lini."

Mama Mapazia alivuta kitambaa kilichokuwa magotini. Kilikuwa cha zambarau, kipya, mita tano safari hii. Juu ya meza ulilala utepe wa marinda, bado haujashonwa.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema. "Niweke kamba, au nisiweke?"

Mume alikula kwanza. Alitafuna, akatazama dirishani, akamaliza kilichokuwa mdomoni.

"Weka," alisema. "Ila safari hii nionyeshe zilipo."